MOTOKAA YA MFANYAKAZI: TUNUNUE KWA HESABU, TUSINUNUE KWA MACHO



Hapa kwetu Buhehe, na katika sehemu zote za Busia na Tororo, baada ya kiwanja na nyumba hakuna mali inayotamaniwa na mfanyakazi kama motokaa. Mtu akipokea kiinua mgongo chake baada ya miaka mingi ya kazi, au akipata mkopo katika chama cha akiba na mikopo, majirani humwuliza swali moja tu: "Utanunua gari gani?" Ni wachache wanaomwuliza: "Na gari hilo litakula nini?" Makala haya ni kwa ajili ya swali hilo la pili.

Tusieleweke vibaya. Sisi tunaoandika hapa ni wapenzi wa magari. Tunaitambua Peugeot 504 kwa mlio wake kabla haijatokea kwenye kona, na tunaweza kubishana juu ya springi na gia boksi mpaka chai ikapoa. Lakini kumpenda ng'ombe si kumnunua bila kumtazama meno. Tumeona katika vijiji vyetu magari yaliyosimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, majani yakiota mpaka dirishani, na mwenye gari akiendelea kukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya mkopo. Hayo ni jasho la miaka mingi linalooza mvuani. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuzungumza.

SISI WATU WA MPAKANI TUNAJUA SAFARI

Mtu wa mpakani hana haja ya kufundishwa umuhimu wa usafiri. Neno bodaboda, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki yote, lilizaliwa hapa. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walibeba abiria na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili, mahali ambapo motokaa ilihitaji karatasi nyingi lakini baiskeli ilipita tu. Walikuwa wakiita abiria kutoka boda mpaka boda, na jina likabaki. Baadaye baiskeli ikaiachia nafasi pikipiki.

Tunalikumbuka jambo hilo kwa sababu lina fundisho. Kijana yule wa baiskeli hakununua chombo cha fahari. Alinunua chombo kilichofaa njia ile, mzigo ule na mfuko ule. Spea zilikuwa dukani, na fundi alikuwa chini ya mwembe. Biashara yake ilisimama kwa sababu chombo kililingana na kazi. Kipimo hicho hicho ndicho tunachotaka kukitumia kwa motokaa.

SIFA YA GARI HUTOKA WAPI?

Wazee wetu walijifunza sifa za magari kwa kutazama mbio za Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na katika miaka ya mwanzo zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia zilikuwa za udongo, mawe na matope, sawa na njia ya kwenda shambani kwako. Gari lililomaliza lilipata heshima, na gari lililoshinda lilipata wanunuzi. Datsun ilijulikana hivyo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda akiendesha Datsun 240Z, kisha akashinda tena mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1979 mpaka 1982, zote kwa Datsun. Peugeot 504 nayo ilishinda mwaka 1975, na kwa miaka mingi baada ya hapo ilikuwa ndiyo teksi ya safari ndefu katika barabara zetu.

Lakini ushindi unaotufaa zaidi sisi wafanyakazi ni ule wa mwaka 1965. Mwaka huo Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika. Gari hilo lilikuwa limekimbizwa na dereva mwingine katika mbio za mwaka uliotangulia. Yaani mtumba ulishinda magari mapya ya makampuni makubwa! Siri ilikuwa nini? Joginder alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Alilijua gari lake kila msumari, na alijua lipi la kubadilisha na lipi la kuacha.

Hapo ndipo tunapotaka kuanzia. Gari lililotumika si dhambi, wala si aibu. Hatari ni kununua gari lililotumika bila kulijua, kutoka kwa mtu asiyelijua, katika mji ambao hakuna fundi anayelijua. Gari zuri kwa mfanyakazi wa Buhehe si lile linalosifiwa Kampala au Nairobi. Ni lile ambalo fundi wa Lumino amekwisha kulifungua mara mia, na ambalo spea zake zinapatikana Busia siku hiyo hiyo. Ukiona Probox nyingi zimejaa abiria, magunia na kuku katika barabara za mpakani, usizicheke. Madereva wale wamepiga hesabu zao.

KWA NINI MJAPANI ANAUZA GARI ZIMA?

Magari mengi tunayonunua leo yametumika kwanza Japani. Wengi hujiuliza: ikiwa gari ni zima, kwa nini mwenyewe analiuza? Jibu lake si uchawi. Japani ina ukaguzi wa lazima wa magari unaoitwa shaken. Gari jipya la kawaida la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo pamoja na kodi zake ni gharama kubwa, na gari linavyozeeka matengenezo yanaongezeka. Watu wengi huona afadhali kuuza. Tena Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, basi usukani uko mahali panapotufaa. Ndiyo maana meli zinakuja Mombasa na Dar es Salaam zimejaa magari yao.

Gari hilo huuzwa kwanza katika mnada, na mnada huandika karatasi inayoeleza hali yake: alama ya jumla, kilomita zilizotembea, mikwaruzo, kutu, na kama limewahi kugongwa. Gari lililogongwa na kutengenezwa huandikiwa alama ya R au RA. Karatasi hiyo ni kama kadi ya hospitali ya gari. Mfanyabiashara mwaminifu hatakasirika ukimwomba aionyeshe. Akisema imepotea, basi nawe sema fedha zako zimepotea, uondoke.

Jambo la kilomita tulieleze waziwazi. Mita ya mwendo inaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye ujuzi mdogo tu. Kwa hiyo usisome mita peke yake. Soma pedali: mpira wa breki uliokwisha hauwezi kuwa wa gari la kilomita 40,000. Soma kiti cha dereva, soma usukani, soma bawaba za mlango. Gari lina mdomo mmoja wa kudanganya, nao ni ile mita. Sehemu nyingine zote husema kweli.

BEI YA KWANZA SI BEI

Hapa wengi huanguka. Mtu huona tangazo la bei ya Japani akashangilia. Hajui kwamba gari likifika Mombasa ndipo kodi zinapoanza.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme gari limefika bandarini, pamoja na nauli ya meli na bima, kwa shilingi za Uganda milioni 10. Ushuru wa forodha tuukadirie kwa asilimia 25, kiwango ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kwa magari umoja wake wa forodha ulipoanza mwaka 2005. Hiyo ni milioni 2 na nusu. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Sikiliza vizuri: asilimia hiyo haihesabiwi juu ya milioni 10, bali juu ya milioni 12 na nusu. Yaani unalipa kodi juu ya kodi. Hiyo ni milioni 2 na robo. Jumla imefika milioni 14 na laki saba na nusu, na bado hatujagusa tozo ya mazingira inayolipiwa magari makuukuu, usajili, namba, wakala wa forodha, wala mafuta ya kulitoa gari Mombasa mpaka nyumbani. Upande wa Kenya mzigo ni mzito zaidi, kwani mwaka 2023 serikali ya huko ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 mpaka 35, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa.

Sisi watu wa mpakani tuna mtego mwingine wa peke yetu. Sheria za pande mbili hazilingani. Kenya inakataa kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza magari yaliyofikia miaka 15 tangu yalipotengenezwa. Kwa hiyo gari la miaka 12 linaweza kuwa halali Tororo na lisiwe halali Malaba. Madalali wanajua hivyo. Watamwambia ndugu yetu wa upande wa Kenya: "Chukua hili la namba ya U, ni nafuu, utabadilisha namba baadaye." Hakuna baadaye. Gari hilo haliwezi kugeuka la Kenya kwa kuvuka geti, na siku likikamatwa atalipoteza lote, na dalali atakuwa amekwisha badilisha namba yake ya simu. Wenzetu, forodha ya pande mbili inakaa katika jengo moja tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018. Nenda ukaulize mwenyewe kabla ya kutoa hata senti moja.

HESABU YA MKOPO

Sasa tuje kwa mfanyakazi anayesema: "Mimi sinunui gari la starehe. Nitalifanya teksi, lijilipe lenyewe." Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi kutoka kwa wenzetu wanaokaribia kustaafu. Tuyapime kwa kalamu. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila mtu na aweke zake.

Tuseme gari limemgharimu shilingi milioni 18 mpaka kuingia barabarani. Ametoa akiba yake milioni 6 na kukopa milioni 12, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka juu ya mkopo wote, kwa miaka 3. Riba peke yake ni milioni 5 na laki nne. Atalipa jumla milioni 17 na laki nne, yaani kama shilingi 483,000 kila mwezi kwa miezi 36.

Gari linaingiza shilingi 60,000 kwa siku. Mafuta yanakula 30,000. Dereva anachukua 10,000. Kuosha, kuegesha na vijigharama vya barabarani ni 3,000. Zinabaki 17,000. Likifanya kazi siku 26 kwa mwezi, mwenye gari anapata 442,000.

Je, mmeona? Gari halijapasuka hata tairi moja, na tayari limepungukiwa na shilingi 41,000 za kulipa mkopo. Bado bima. Bado oili na plagi. Bado shokomzoba, ambazo barabara zetu za changarawe huzitafuna kama bisi. Bado siku dereva anapougua, na siku mvua inaponyesha kutwa. Na gari lenyewe linazeeka: likidumu miaka 6, kila mwezi limepoteza laki mbili na nusu za thamani yake. Huko si kujilipa. Huko ni mfanyakazi kulilipa gari mshahara.

Hatusemi biashara ya teksi haiwezekani. Wako wanaoiweza. Lakini ukiwachunguza utakuta wana mambo matatu: walinunua bila deni kubwa, wanaendesha wenyewe au dereva ni wa nyumbani, na wanajua kufungua injini au wana mtu wao anayejua. Asiye na hata moja kati ya hayo matatu, heri akaongeze ng'ombe, au ajenge chumba cha kupangisha karibu na barabara ya lami ya kwenda Musita. Chumba hakinywi petroli.

VIWANDA VYETU VILIKWENDA WAPI?

Mpaka hapa tumesema na mnunuzi. Sasa tunasema na mfanyakazi wa kiwandani, ingawa ni mtu yule yule. Maana gari halianzi kuwa gari pale yadi. Limeanzia katika mikono ya wafanyakazi wenzetu, na swali letu ni hili: kwa nini mikono hiyo isiwe yetu?

Palikuwa na wakati ambapo ilikuwa yetu kwa kiasi fulani. Katika miaka ya 1970 Kenya ilijenga viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Leyland mjini Thika, General Motors mjini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Serikali ilikuwa na hisa katika vyote vitatu. Magari yaliletwa vipande vipande katika masanduku, yakaunganishwa, kuchomelewa na kupakwa rangi hapa. Peugeot 504 nyingi zilizopita mbele ya macho yetu ziliunganishwa Mombasa. Kuzunguka viwanda hivyo kuliota viwanda vingine vya betri, springi, viti, vioo na tairi. Vijana walijifunza ufundi, na chama cha wafanyakazi wa vyuma cha Kenya kilipata wanachama wa kutetea.

Viwanda hivyo vilikuwa na kasoro zao. Magari yake yalikuwa ghali, na mfanyakazi aliyeyaunganisha hakuweza kulinunua hata moja. Injini zilikuja zimekwisha tengenezwa, na faida kubwa ilirudi ng'ambo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ikafunguliwa, magari yaliyotumika yakamiminika, na viwanda vikabaki kufanya kazi chini sana ya uwezo wake. Mfanyakazi wa kawaida alipata gari alilolimudu kwa mara ya kwanza, na hilo hatuwezi kulibeza. Lakini mfanyakazi mwingine alipoteza kazi. Hizi ni pande mbili za shilingi moja, na mwenye kusema upande mmoja tu hasemi kweli.

Walijaribu pia wengine. Mwaka 1986 Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Yalitembea, lakini fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na hakuna mwananchi aliyewahi kulinunua dukani. Karibu zaidi na wakati wetu, kampuni ya Mobius ilitengeneza Kenya gari imara la barabara mbaya. Mwezi Agosti 2024 ilitangaza kufunga kwa sababu ya madeni na kodi, kabla ya kupata mnunuzi. Kwa upande wetu wa Uganda, wanafunzi na walimu wa Makerere waliendesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola linalosaidiwa na nguvu za jua. Kutoka huko ilitokea kampuni ya serikali ya Kiira Motors, yenye kiwanda chake Jinja, katika barabara ile ile tunayopita kwenda Kampala.

Na wenzetu wa mashambani wasidhani habari hii si yao. Tairi ni mpira, na mpira ni shamba. Tanzania ilikuwa na kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, na mashamba ya mpira ya Muheza na Kilombero. Kiwanda kile kilisimama kabla ya mwaka 2010. Nairobi nako, kiwanda cha tairi kilichoanza kwa jina la Firestone mwaka 1969 kilifungwa na kampuni ya Sameer mwaka 2016, na wafanyakazi wapatao 600 wakapoteza kazi. Sababu iliyotolewa ni kwamba tairi zinazotoka nje ni za bei rahisi kuliko zilizotengenezwa pale. Kwa hiyo kiwanda kinapokufa mjini, mgema wa utomvu shambani naye hubaki na kisu mkononi bila kazi.

Fundisho la habari hizi zote ni moja. Gari la kwetu halifi kwa sababu Mwafrika hajui kufunga nati. Linakufa kwa kukosa wanunuzi wa kutosha, kukosa mtaji wa kusubiri, na kukosa sera inayodumu kwa muda mrefu kuliko waziri mmoja. Nchi moja moja ni soko dogo. Jumuiya nzima ni soko kubwa, lakini mradi sheria za Busia upande huu na upande ule zitaendelea kupishana, kila kiwanda kitakuwa kikiuzia nusu ya daraja.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kwa yule anayenunua. Tunamshauri ashike mambo haya:

1. Aandike kwanza kazi ya gari: litabeba nini, njia gani, mara ngapi kwa wiki. Asipoweza kuandika, hana haja ya gari, ana hamu ya gari.

2. Aende na fundi wake mwenyewe, amlipe siku yake. Asikubali fundi wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa baridi, kwa maana injini iliyopashwa moto mapema huficha moshi na milio.

3. Alinganishe namba ya chesisi na namba ya injini na zile za kitabu cha gari, na athibitishe ofisini kwamba gari halina deni la kodi wala rehani.

4. Asitoe fedha zote mkononi mbele ya dalali. Malipo yapite benki, na mkataba uandikwe mbele ya mashahidi.

5. Abakize walau sehemu moja ya tano ya fedha zake kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Gari lililokuachia mfuko mtupu siku ya kwanza limekwisha kukushinda.

6. Asiguse kiinua mgongo chote. Fedha hizo ni mshahara wa uzeeni, na gari halimlishi mzee.

Pili, kwa vyama vyetu vya wafanyakazi na vya akiba na mikopo. Chama cha akiba kinapompa mwanachama mkopo wa gari, kinaweza kudai kwanza karatasi ya ukaguzi wa fundi aliyekubaliwa na chama. Gharama yake ni ndogo, na inaweza kuokoa fedha za wanachama wote. Wanachama kumi wakinunua kwa pamoja, wana nguvu ya kuagiza karatasi za mnada, kupatana bei, na kumshitaki mdanganyifu. Mtu mmoja ni rahisi kuzungushwa.

Tatu, kwenye meza ya mapatano na waajiri. Wengi wetu tunatamani gari si kwa kupenda usukani, bali kwa sababu zamu ya usiku inakwisha na hakuna njia salama ya kufika nyumbani. Huo ni mzigo wa kazi, si mzigo wa mfanyakazi. Basi la wafanyakazi, au posho ya usafiri inayolingana na nauli ya kweli, ni madai halali kama mshahara wenyewe. Basi moja zima la kampuni laweza kuwaokoa wafanyakazi wengi na mikopo ya magari mabovu. Na lori la kubebea miwa lisigeuzwe basi la watu. Mfanyakazi si mzigo.

Nne, kwa serikali zetu. Tunataka sheria za magari za nchi za Jumuiya ziwe sawa, mtumba ukaguliwe kwa haki bila hongo, na kila kiwanda cha magari kinachopewa msamaha wa kodi kiseme waziwazi kitaajiri wangapi, kitafundisha vijana wangapi, na sehemu gani za gari zitatengenezwa hapa hapa. Msamaha wa kodi ni fedha zetu. Tuna haki ya kuuliza zimezaa nini.

Ndugu zetu, tamaa ya gari si kosa. Aliyetembea kwa miguu miaka thelathini kwenda kazini anastahili kukaa kitini. Lakini akae katika gari ambalo yeye ndiye bwana wake. Kabla ya kuuliza gari lina rangi gani, tuulize linakula nini, linatengenezwa na nani, na nani anabaki na faida. Mwenye kuuliza hayo matatu huchelewa kununua, lakini akinunua, gari lake halitaota majani.